Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Mtoto Aliyezaliwa Nyumbani Apokelewe, Asitozwe

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya yetu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FAINI YA KUJIFUNGULIA NYUMBANI, NA WATOTO KUNYIMWA KADI NA TANGAZO LA KIZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wauguzi wakunga wastaafu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata za wilaya hii. Suala hili tumelipeleka kwa watendaji wa kata, limejadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na barua yake imepokelewa masjala na kugongwa muhuri. Jibu tulilopata ni kwamba linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi faini inaendelea kutozwa, kwa hiyo tumeona tuliandike hadharani.

Tuanze na tunalokubaliana, asije mtu akasema tunatetea uzazi wa majumbani. Mama ajifungulie kituoni. Sindano ya oksitosini ya kuzuia damu nyingi, uniti 10, anayochomwa mama ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, nyumbani haipo. Mfuko wa kumpumulisha mtoto aliyezaliwa bila kulia, nao haupo. Hatubishani hapo. Tunabishana kuhusu asubuhi inayofuata, mtoto akiwa ameshazaliwa chumbani kwa mama yake na familia inapima iende zahanati au ikae kimya.

Na familia hizo si chache. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 katika kila 100 nchini walizaliwa katika vituo vya afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa. Lakini waliobaki wanakaribia mmoja kwa kila watano, na wengi wao ni wa vijiji kama vya kwetu. Hoja zetu ni hizi:

1. Faini inakula saa zile ambazo mama na mtoto wanatakiwa kuonwa.

Mama mwenye afya njema anaweza kufa kwa kutoka damu ndani ya saa mbili tangu ajifungue. Mtoto anayepoteza joto halii sana. Ananyonya kwa ulegevu, na watu wanasema amelala vizuri. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba aliyejifungulia nyumbani aonwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 24, arudiwe kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita.

Sheria ndogo ya vijiji vyetu inadai faini ya shilingi 50,000 kwa kujifungulia nyumbani. Kabla ya mavuno mkulima hana kiasi hicho ndani ya nyumba. Basi anasubiri auze mahindi, au akope, au mtoto akue kidogo ili aulizwe maswali machache zaidi. Mtoto anafika kliniki akiwa na wiki tatu, nne, wakati mwingine miezi miwili. Kila tunachokitaja hapa chini kina muda wake, na muda huo unakuwa umepita.

Kwa mama, muuguzi anatakiwa aminye tumbo aone kama mji wa mimba umekaza chini ya kitovu au umelegea na unajaa damu. Apime shinikizo la damu, maana kifafa cha mimba humpata hata aliyekwisha kujifungua, na siku chache za mwanzo ndizo mbaya. Apime joto na mapigo ya moyo. Aangalie michubuko na kuchanika. Aulize kama amekojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kukaza. Na aombe kuliona kondo la nyuma, ambalo familia ingetakiwa kuja nalo kwenye mfuko safi. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kikibaki ndani kinatosha kuleta damu nyingi siku za mbele, au homa ya uzazi. Lakini familia inayokwepa faini hufukia kondo kabla hakujakucha.

Kwa mtoto, muuguzi anahesabu pumzi kwa dakika nzima; za kawaida ni kati ya 30 na 60. Anapima joto, ambalo linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5. Anampima uzito, kwa sababu aliye chini ya kilo 2.5 huhitaji kufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa kwa ratiba ya karibu zaidi. Anakagua kitovu, macho na njia ya haja kubwa. Akiona umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, huyo ni wa rufaa siku hiyohiyo, haambiwi aanikwe juani. Chanjo ya polio ya kuzaliwa hutolewa ndani ya siku 14, na aliyekosa hapo ameikosa. Mama mwenye VVU, mtoto wake anatakiwa aanze dawa ya kinga ndani ya saa 72, na afadhali ndani ya saa 12. Hakuna risiti ya faini inayorudisha saa hizo.

Kuna jingine baya zaidi. Namba 115 ya m-mama iliwekwa ili mama mwenye dharura apatiwe gari bila malipo. Familia iliyozalishia nyumbani na sasa inaona damu haikatiki inajua kwamba kupiga simu ni kujitangaza. Inasita. Utafiti uliofanyika Kigoma, ambao matokeo yake yalichapishwa 2005, uliwafundisha wakunga wa jadi kutumia kanga kama kipimo: kanga mbili zikilowa damu, mama ameshapoteza karibu nusu lita, na hapo ni hatari. Wakunga walikielewa kipimo hicho na wakakitumia. Kanga ya pili inalowa wakati baba bado anafikiria hiyo elfu hamsini.

2. Mtoto anaadhibiwa kwa kosa ambalo hawezi kulifanya.

Katika baadhi ya vijiji mtendaji hatoi tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuanzia kumsajili mtoto, mpaka aone risiti ya faini. Katika baadhi ya zahanati kadi ya kliniki ya mtoto haitolewi mpaka mama alete barua ya mtendaji. Familia inazungushwa kati ya ofisi mbili kwa ajili ya karatasi ambayo haina uhusiano wowote na mahali mtoto alipozaliwia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, uraia na kuandikishwa, na inamtwika mzazi wajibu wa kumwandikisha. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Haisemi popote kwamba kizazi cha nyumbani si kizazi. Mpango wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanza kuenezwa mikoani na Mbeya mwaka 2013, ulipeleka huduma hiyo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo, kwa sababu ilijulikana kwamba gharama na umbali ndivyo vinavyowaacha watoto nje ya daftari. Sisi tumeirudisha gharama kwa mlango wa nyuma.

Siku 90 zikipita, mzazi anaanza kutafutiwa viapo na vielelezo. Kielelezo cha kwanza anachoulizwa ni kadi ya kliniki. Ile aliyonyimwa.

Hata anayepewa kadi mapema bado ana kizingiti. Chupa moja ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina dozi 20, na ikishachanganywa inatakiwa imwagwe baada ya saa sita. Kwa hiyo mhudumu huogopa kuifungua kwa mtoto mmoja na humwambia mama arudi siku ya chanjo. Aliyejifungulia zahanati hupangiwa siku kabla hajaondoka. Wa nyumbani hupewa neno la mdomo na kurudi kwake kilomita nane, akiwa na kidonda. Tunaelewa hofu ya kupoteza dawa. Lakini siku ya BCG ikipangwa kila wiki na kutangazwa na mhudumu wa jamii, akina mama watakuja kwa pamoja.

3. Daftari limeharibika.

Hili linauma wale tuliokaa wodini. Muuguzi mwenye huruma, akiona mama hana faini, anaandika kwenye kitabu cha MTUHA, daftari la takwimu za huduma za afya, kwamba alijifungulia njiani. Kujifungulia njiani hakuna faini. Basi kila mtu sasa anajifungulia njiani. Ofisi yako ikisoma taarifa ya robo mwaka inaona uzazi wa nyumbani umepungua, na inaipongeza sheria ndogo. Mganga Mkuu wa Wilaya anapanga dawa, watumishi na mafuta ya gari la wagonjwa kwa kutumia takwimu zilizopikwa kwa nia njema.

4. Sababu za watu kubaki nyumbani zinajulikana, na nyingi ziko mikononi mwa halmashauri.

Uzazi wa nne au wa tano unaweza kwenda haraka mno. Uchungu ukianza saa nne usiku, mtoto anaweza kuzaliwa saa saba. Mwendo wa kilomita tano kwa miguu, gizani, kwenye tope la masika, mama akisimama kila uchungu unapobana, ni saa mbili au zaidi. Na huko aendako zahanati ina muuguzi mmoja. Kama ameitwa semina wilayani au ni mgonjwa, mlango umefungwa. Mama aliyewahi kuukuta umefungwa hatatoka tena usiku. Huo si uzembe, ni hesabu.

Ile m-mama iliwekwa kwa ajili ya dharura. Uchungu wa kawaida usiku wa mvua hauhesabiwi kuwa dharura, mpaka ugeuke kuwa dharura.

Nyumba ya mama ngojea, anakokaa mjamzito akisubiri siku zake, ipo kwenye kituo cha afya, jambo jema. Lakini haina jiko lenye paa, haina chandarua, na mama anatakiwa aje na chakula cha wiki mbili na mtu wa kumpikia. Nani anabaki na watoto wengine nyumbani? Watu wanaikwepa kwa sababu hizo, kisha sisi tunasema hawana elimu.

Halafu vifaa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito ni bure. Kwenye kliniki zetu mama anapewa orodha: glavu, mpira wa kulalia, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, beseni, na mahali pengine hata ndoo na tochi. Asiyeikamilisha anaogopa kusemwa mbele ya wenzake. Wapo waliobaki nyumbani kwa ajili ya beseni.

5. Mkunga wa jadi amefukuzwa chumbani, lakini hajafukuzwa kijijini.

Sheria ndogo inamtoza na yeye. Matokeo yake ni kwamba akishamaliza kazi anaondoka alfajiri na kuiagiza familia iseme mama alikuwa peke yake. Anaondoka na taarifa ambazo muuguzi anazihitaji: uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka saa ngapi, kitovu kilikatwa na nini, kondo lilivutwa au lilitoka lenyewe, na mama alinyweshwa dawa gani. Hilo la mwisho ni zito. Zipo dawa za miti shamba zinazoongeza uchungu, na uchungu uliopitiliza kwa mama mwenye kovu la upasuaji unaweza kupasua mji wa mimba. Muuguzi asiyeambiwa anatafuta tatizo kwa kubahatisha.

Tunajua utakayojibiwa na wasaidizi wako, Ndugu Mkurugenzi, kwa hiyo tuyajibu hapahapa.

Watasema bila faini watu watazembea. Aliye karibu na zahanati iliyo wazi usiku anakwenda, faini iwepo isiwepo. Anayetozwa ni wa ng'ambo ya mto.

Watasema kumpokea vizuri aliyezalia nyumbani ni kuhalalisha. Mtu aliyeanguka kwenye pikipiki bila kofia ngumu anatibiwa kwanza, na hakuna aliyewahi kusema hospitali inahalalisha kuendesha bila kofia. Zaidi ya hayo, mama aliyepokelewa vizuri leo ndiye atakayerudi kwa mimba ijayo. Aliyetukanwa anakwenda kuwasimulia wenzake kisimani.

Watasema tangazo la kizazi likitolewa ovyo litapewa wasiostahili. Hofu hiyo ina msingi katika vijiji vya mpakani, na dawa yake ipo: kadi ya mahudhurio ya ujauzito ya mama, saini ya mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa jamii aliyemwona mtoto ndani ya siku saba. Kinyume chake, mtoto anayeletwa baada ya miezi sita ndiye mgumu kuthibitishwa. Faini inazalisha tatizo lilelile linaloogopwa.

Watasema sheria ndogo ni ya kijiji, halmashauri haihusiki. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, sheria ndogo ya kijiji haipati nguvu mpaka iridhiwe na halmashauri. Mlioridhia mnaweza kuipitia upya.

Kuhusu bajeti, nusu ya tunayoyaomba hayana gharama.

TUNAOMBA YAFUATAYO:

(a) Faini isimamishwe mara moja kwa waraka wa ofisi yako kwenda kwa watendaji wote wa vijiji na kata, kisha Baraza la Madiwani liifute katika kikao chake kijacho. Iwe kwa mama, kwa baba na kwa mkunga wa jadi.

(b) Waraka huohuo useme wazi kwamba kadi ya mtoto na tangazo la kizazi hutolewa siku mtoto anapofikishwa, bila risiti yoyote.

(c) Mganga Mkuu wa Wilaya aagize kila zahanati impokee aliyejifungulia nyumbani kama mgonjwa wa kwanza kwenye foleni, na mhudumu wa afya wa jamii amfuate nyumbani ndani ya saa 24 asipoonekana. Kwenye MTUHA iandikwe ukweli: nyumbani, njiani, kwa mkunga wa jadi. Muuguzi asiulizwe kwa nini namba zimepanda. Zitapanda, tunawaambia mapema.

(d) Orodha ya vifaa ibaki na vile vya mama mwenyewe: kanga mbili tatu safi, pedi, nguo, kofia na soksi za mtoto. Glavu, vibanio na dawa ni kazi ya bohari ya dawa.

(e) Nyumba ya mama ngojea iwekewe jiko lenye paa, vyandarua na maji, na ruhusa ya kuja na mtoto mdogo. Wa kuelekezwa kuanzia wiki ya 38 wanajulikana kwenye kadi zao: mimba ya kwanza, mimba ya tano na kuendelea, aliyewahi kupasuliwa, mapacha, aliye chini ya sentimita 150, na yeyote anayekaa ng'ambo ya mto kipindi cha masika.

(f) Ratiba ya usiku ya kila zahanati ibandikwe mlangoni na isambazwe kwa wenyeviti wa vitongoji, ikiwa na namba ya simu inayopokelewa.

(g) Mkunga wa jadi apewe kazi ya msindikizaji na aruhusiwe kuingia chumba cha kujifungulia kama mama anamtaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wake wakati wa uchungu. Mkunga akiwa ndani, hana sababu ya kumzuia mama nyumbani.

(h) Kila mjamzito akifika wiki ya 32 apewe karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, ya nini kifanyike mtoto akiwahi kuzaliwa kabla mama hajafika kituoni. Tunaambatanisha rasimu yetu, Mganga Mkuu airekebishe atakavyo:

Piga 115 na mwite mhudumu wa jamii wakati uchungu unaendelea, usingoje mtoto atoke. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Mama asilazimishwe kusukuma kabla hajasikia haja, na tumbo lisikandamizwe. Mtoto akitoka, mkaushe palepale kwa kanga safi, itupe iliyolowa, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na wafunikwe wote wawili, kichwa cha mtoto kikiwa kimefunikwa. Asipolia, msugue mgongo; usimning'inize miguu juu, usimpige, usimmwagie maji. Kitovu hakina haraka. Kama hakuna wembe mpya na uzi safi uliochemshwa, kisikatwe kabisa: kondo likishatoka lifungwe kwenye kitambaa safi pamoja na mtoto na safari ianze. Kikikatwa, kifungwe sehemu mbili na kukatwa katikati, na kisipakwe kitu: si majivu, si kinyesi cha ng'ombe, si masizi, si mafuta. Kondo lisivutwe, mama akojoe, amnyonyeshe mtoto, na lisipotoka ndani ya dakika 30, hiyo ni dharura. Kanga ya pili ikianza kulowa, ni dharura. Degedege, kichwa kinachopasuka au kuona maluweluwe, ni dharura. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24. Njooni na kondo kwenye mfuko. Hakuna atakayewatoza.

Sentensi hiyo ya mwisho hatuwezi kuiandika mpaka wewe utie saini waraka wa kipengele (a). Rasimu iko tayari kuchapwa, na wahudumu wa jamii wako tayari kuisambaza. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na tunaomba tuitwe kwenye kikao cha Kamati ya Huduma za Jamii ili tuhojiwe juu ya kila kipengele.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi wakunga wastaafu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa wilaya hii.

Nakala:
Mwenyekiti wa Halmashauri
Mganga Mkuu wa Wilaya
Waheshimiwa Madiwani wa kata zote
Watendaji wa Kata – wabandike kwenye mbao za matangazo